Maikroskopu ya dola 34 ya kukagulia peni, zile sarafu za senti 1 za Marekani: nimeitumia miezi minne na mizani ya dola 12 imeipiga bao

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo. Maikroskopu nyota 2, lenzi ya sonara nyota 4, mizani ndogo nyota 5, na sumaku ya mlangoni kwa friji ambayo hata sikuinunua naipa 5 pia. Mwenye muda avute kiti maana ntaongea sana, hii kitu imenikula usiku mwingi.

Mi mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, nabeba boksi, na nikisema nabeba boksi sio msemo, ni maboksi kweli, ghalani, shifti ya usiku. Novemba 2025 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikapiga peni ya mwisho ya matumizi, kisa kutengeneza peni moja kulikua kunakula zaidi ya senti 3 na kinachotoka ni senti 1, hata muuza karanga angeshafunga hiyo biashara zamani. Tangu hapo simu yangu haipumui. Kila nikifungua ni video ya jamaa kashika peni karibu na pua anasema angalia nyumbani kwako, usiitumie hii, ina kosa la kiwandani, watu wanauza kwa maelfu. Na mi nina kopo la mtindi limejaa peni toka nifike nchi hii. Unadhani ningefanyaje.

Nikaagiza maikroskopu. Ni kasilinda kama tochi nene, unachomeka USB kwenye kompyuta, mbele ina taa 8 za LED zimezunguka lenzi, katikati kuna gurudumu la kufokasi, na chini stendi ya kupinda kama shingo ya bata. Boksi limeandikwa inakuza mara 1000. Nikaweka rula chini yake, nikasogeza mpaka mwisho, nikapima kwenye skrini: milimita moja imekua sentimita 20 hivi, yani mara 200, na hapo picha imeshakua uji. Zile 800 nyingine sijui zimebaki bandarini. Waya wake mfupi. Stendi ndo usiseme, ukiweka kikombe cha chai mezani tu Lincoln, yule rais wa kwenye peni, anacheza sindimba sekunde kumi nzima. Niseme na haki yake, ukiiacha kwenye mara 40 au 50 inatoa picha safi na ni rahisi kumtumia mtu picha akaona unachosema, kompyuta yangu ya zamani iliitambua bila kuomba programu yoyote, na haijafa mpaka leo. Kama kifaa sio kibovu kihivyo. Shida ni kazi niliyoinunulia.

Ili muelewe lazima niseme peni yenyewe ni kitu gani, maana wengi tunajua ni shaba. Ilikua shaba. Mpaka 1982 peni ya Marekani ilikua shaba asilimia 95, uzito gramu 3.11. Bei ya shaba ikapanda, mwaka huo huo wakabadilisha, ndani wakaweka zinki, nje wakaivalisha shaba kwa umeme kwenye maji ya kemikali, ganda jembamba kuliko unywele. Ukihesabu peni nzima ni zinki asilimia 97.5, shaba 2.5 tu, na uzito ukashuka kuwa gramu 2.5. Kwa hiyo za 1982 zipo za shaba na zipo za zinki, mwaka mmoja, sura moja, na kwa macho huwezi kuapa ipi ni ipi.

Kazini tunae mzee wa Lubumbashi, tunamwita Papa, ndo heshima yao wenyewe. Kwao ndo nyumbani kwa shaba, huko zamani pesa yenyewe ilikua misalaba ya shaba, na Katanga walipojitenga 1960, mwaka uliofuata wakapiga faranga zao zikiwa na mkungu wa ndizi upande mmoja na ule msalaba upande wa pili. Nikampa peni ya 1997 aione. Akaigonga kwenye nguzo ya chuma ya rafu, akasikiliza, akanirudishia. "Hii haiko mukuba, banaivalisha tu." Mukuba kwao ndo shaba. Hakuhitaji USB.

Sasa kitu kilichovalishwa nguo kina makosa ya mwili na makosa ya nguo, af kuna majeraha ya mtaani ambayo kiwanda hakihusiki kabisa. Ukichukua maikroskopu ukayakuza yote, yote yanakua makubwa sawa, yote yanakua hatari. Ndo kilichonipata.

Usiku wa kwanza nikiwa ofu nilikagua peni kama mia nne za kwenye kopo, kufika saa tisa nina 14 pembeni kwenye sahani ya kahawa, na roho inadunda. Moja ya 1994 ina kinundu chini ya jicho la Lincoln kama chozi. Nyingine tarehe yake ina kivuli, kila namba na pacha wake. Nyingine ina mstari umevuka shavu mpaka kwenye ndevu. Nikamuamsha mke wangu. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akauliza kama hii ndo ile ya nyumba au bado, akarudi kulala.

Jumamosi nikazipeleka duka la sarafu, duka dogo, mzee mmoja Mmarekani mwenye suspenda na lenzi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikamtolea na laptop kabisa nimuonyeshe picha. Hakuitazama. Akachukua ile ya chozi, akaisogeza chini ya taa ya meza, akaigeuza geuza kama mtu anachagua embe, af akatoa kijiti cha meno mfukoni. Akaniuliza ruhusa kwanza, nikampa. Akakibonyeza kile kinundu taratibu. Kikabonyea. Kikashuka chini kama lengelenge la mtu aliyeungua maji ya moto, pale pale mbele yangu, chozi la Lincoln likaisha.

Na kweli ndivyo kilivyo, ni lengelenge. Zinki kabla haijavalishwa isiposafishwa vizuri, au gesi ikinaswa kati ya zinki na shaba, ikija kupigwa na muhuri kule kiwandani inapata joto, gesi inatanuka, shaba inainuka. Inaweza kuwa duara moja, inaweza kuwa mistari mirefu, ndo ule mstari wa shavuni. Ni kasoro ya kweli, imetoka nayo kiwandani, hajaisingizia mtu. Ila ziko mamilioni kwa mamilioni, hasa za miaka ya 80 na 90, na hakuna anayezilipia. Kinundu cha maana kingekua muhuri wenyewe umemeguka, chuma kinajaa lile tundu na kinatoka kwenye sarafu kama kichuguu kigumu, hicho ukikigusa na kijiti hakitikisiki. Zipo maarufu za miaka ya 1950 ambazo muhuri umemeguka kati ya B na E kwenye LIBERTY ikawa kama kuna I katikati. Hizo ni za shaba tupu, hazina nguo ya kuvimba.

Angalia sasa, tofauti nzima ya kilichovimba na kilichojaa nimeipata kwa kijiti cha meno. Maikroskopu yangu iliyaonyesha yote mawili kama mlima Kilimanjaro.

Zile za kivuli cha tarehe akazigawa mafungu mawili bila hata kukaa. Fungu la kwanza kivuli kina rangi ya kijivu, tena kipo zaidi upande wa namba unaotazama ukingo. Hiyo ni shaba imechanika. Muhuri ukigonga, chuma kinakimbia kuelekea nje, ganda linavutwa, pembeni mwa herufi linashindwa kuvumilia linapasuka, zinki inachungulia. Ukikuza mara 100 unaona namba mbili kabisa, moja nyekundu moja ya fedha, ukiangalia na lenzi ya kawaida unaona ufa wa kijivu umeifuata namba. Fungu la pili ni dabo ya mashine: wakati wa kugonga muhuri umelegea, ukishapiga unateleza kidogo, unasukuma ubavu wa herufi unakua bapa kama ngazi ya chini. Haiongezi kitu, inaiba unene wa herufi yenyewe.

Dabo ya kweli inazaliwa mapema zaidi, muhuri wenyewe ulipokua unatengenezwa, picha ikaingia mara mbili ikiwa imehama. Kwa hiyo kila peni iliyogongwa na muhuri ule imetoka na kosa lile lile, na hapo ndo thamani ilipo kwa sababu watu wanaweza kulilinganisha, wakalipatia namba, wakalitafuta. Ukiiangalia kila herufi imeumuka vizuri, ina mwili, na kwenye pembe kuna mchanuo kama mkia wa mbayuwayu. Kwenye hizi peni za zinki zipo za kujulikana: ya 1983 maandishi ya upande wa nyuma yamejirudia, ya 1984 Lincoln ana ndewe ya pili chini ya sikio, na ya 1995 neno LIBERTY na IN GOD yamejirudia mpaka bibi asiye na miwani anaona. Mwishoni mwa miaka ya 90 kiwanda kikaanza kutengeneza muhuri kwa mgandamizo mmoja, dabo zikawa ndogo ndogo na nyingi ziko katikati ya sarafu, mara ndewe, mara kipande cha nguzo kwenye lile jengo la ukumbusho la upande wa nyuma. Akaniambia kitu ambacho ningeambiwa mapema ningebaki na dola zangu 34: kosa linalohitaji zaidi ya mara 10 kulionea, asilimia kubwa sio kosa la kulipwa.

Kwa hiyo katika 14 hakuna hata moja. Hakunicheka, namshukuru. Akaninunulia na soda ya kwenye mashine.

Nikarudi nyumbani nikaichunguza maikroskopu upya kwa hasira, na hapa nimegundua kitu ambacho sijaona mtu kakisema kwenye rivyu zake. Zile taa 8. Zimekaa duara, zinamulika sarafu pande zote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kivuli, na kwenye sarafu mpya inayong'aa kila taa inatoa mng'ao wake kwenye ubavu wa herufi. Unaona mstari mweupe, af mwingine, unasema dabo! Kumbe ni taa. Zungusha sarafu bila kugusa maikroskopu, kama dabo inabaki pale pale huku sarafu inazunguka, hiyo sio ya sarafu. Mi sasa nazima LED zote, kuna kigurudumu kwenye waya, nawasha taa ya meza imelala ubavuni kushoto kwa juu kidogo, kivuli kinaanguka vizuri na nusu ya makosa yangu yote yanayeyuka. Aliyeweka hizo taa hajawahi kukagua sarafu maishani mwake, kaweka za kukagulia chawa.

Lenzi ya sonara, mara 10, ya kukunja, dola 9. Hii unaishika karibu na jicho, sio karibu na sarafu, nilikua nakosea wiki nzima nashangaa mbona ukungu. Jicho, lenzi, af leta sarafu mpaka ikae sawa. Kioo kizuri, herufi za pembeni hazipindi sana. Nimeipunguza nyota moja kwa sababu skrubu ya kukunjia inalegea na ilishaniangukia kwenye ugali.

Mizani sasa. Mizani jamani. Ndogo kama simu, inapima mpaka gramu 200, inasoma gramu 0.01, dola 12. Haijaja na jiwe la kuipimia usahihi, ndo lawama yangu pekee, ila ukiwa Marekani una jiwe bure mfukoni: ile sarafu ya senti 5 kiwandani imewekwa gramu 5.00 kamili. Chukua mpya mpya isiyolika, weka, ikisoma 5.00 au 4.99 endelea na kazi. Izime kiyoyozi kwanza, upepo wa AC ukiigusa namba zinacheza.

Hii ndo iliyonipa raha. Nilienda benki nikachukua boksi la dola 25, ni peni 2,500 zimeviringishwa karatasi mabunda 50 ya peni 50, kulibeba mpaka kwenye gari unajua umebeba. Nikatenga za 1982, zikawa 31. Nikaanza kuweka moja moja. 2.51. 2.49. 3.09. Aisee ile 3.09 ya kwanza nilisimama. Unashika sarafu mbili mkono huu na huu, mwaka mmoja, Lincoln yule yule, moja nzima shaba na nyingine imejivika, na kimashine cha dola 12 kinakwambia bila kupepesa. Kuhakikisha nikaidondosha kwenye kaunta ya jikoni kutoka kama shibiri moja: ya shaba inaimba, tiiing, inakaa sikioni. Ya zinki inasema tak kama kifungo cha shati. Papa alikua sahihi na nguzo yake. Za shaba zilikua 18. Hazina bei ya maana, msije mkanitafuta, ni senti moja moja, ila kwa furaha niliyopata sijui niseme nini. Nilikumbuka ile senti tano yetu ya zamani yenye samaki, ya pembe 12, babu alikua nazo kwenye mkebe wa buluu, ukiutikisa unajua hii ni pesa.

Mizani hiyo hiyo imeniokoa mara mbili. Kijana mmoja kazini alikuja na peni ya fedha, yani nyeupe kabisa, anasema imesahaulika kuvalishwa shaba, anataka dola 60. Kosa hilo lipo kweli, plancheti, kile kiduara kitupu kabla hakijagongwa, inaweza kupita bila kuvalishwa. Lakini peni ya namna hiyo inatakiwa iwe ya 1982 kuja mbele na uzito uwe pungufu kidogo ya 2.5. Yake ilikua ya 1978. Mwaka 1978 ndani hakuna zinki ya kuonekana! Nikaipima, 3.11, imepakwa kitu juu. Akakubali baadae kwamba mdogo wake kaitoa shuleni, kuna jaribio la kemia wanalifanya wanafunzi hapa, peni ya shaba inapakwa zinki inakua nyeupe, af wakiichoma juu ya moto kidogo zinki na shaba vinachanganyika inageuka rangi ya dhahabu. Kwa hiyo ukikutana na peni ya dhahabu, jua kuna mwalimu mahali.

Mara ya pili ni peni iliyomegeka. Kiwandani vile viduara vinakatwa kwenye bamba refu la zinki kama unavyokata maandazi kwa glasi, bamba lisiposogea vizuri glasi inashuka juu ya tundu lililokwishakatwa, kinatoka kiduara kilichoumwa. Kosa halali, linatafutwa, na halihitaji lenzi. Nilipata moja ya 1987 kwenye bunda la 22, imeumwa kama mwezi mchanga hivi, nikajiambia tulia, usimuamshe mtu. Angalia ukingo wa pale palipoumwa: zinki inakatwa KWANZA, inavalishwa shaba BAADAE, kwa hiyo kama imeumwa kiwandani jeraha lenyewe lazima liwe limevaa shaba. Ukiona zinki ya kijivu imekaa wazi hapo, ni koleo la mtu gereji. Yangu ilikua nyekundu mpaka ndani. Af nikaangalia upande wa pili kabisa mkabala na jeraha, ukingo umefifia, haujasimama, na hiyo ni dalili nyingine kwa sababu mashine inayoinua ukingo ilikosa kitu cha kuegemea upande wa pili. Uzito 2.38. Nikaipeleka kwa mzee wa suspenda, akaitazama kwa kamba ya kiatu yake, akatikisa kichwa kwenda juu na chini. Akanipa dola 10. Niliichukua picha kwa maikroskopu kabla sijaiuza, picha nzuri sana, hapo nikiri ilinifaa.

Sumaku ya friji imeandikwa karibu Zanzibar, ina picha ya mlango. Peni ya Marekani ya zinki haishiki, ya shaba haishiki. Kuna za 1943, enzi za vita, shaba ilikua inaenda kwenye silaha, wakapiga za chuma zilizopakwa zinki. Chache mno zilipigwa za shaba kimakosa na hizo ndo za pesa ndefu kweli. Basi matapeli wakazichukua za chuma wakazivalisha shaba. Unazipata mpaka leo. Sumaku inazikamata papo hapo, na mizani inamalizia, ya chuma ni 2.7 na ya shaba ni 3.11. Kwa nchi nyingine sumaku haikuambii feki, inakuambia aina: dada yangu alikuja kutoka Uingereza na mfuko wa peni zao, tangu 1992 za peni 1 na 2 wanatumia chuma kilichovalishwa shaba, zinashika. Senti 1, 2 na 5 za yuro, vilevile. Jirani Mganda akaniletea shilingi 2 yao ya 1987, ikaruka yenyewe kwenye mlango wa Zanzibar. Hizi za chuma kasoro zake zina tabia tofauti, ganda likichanika hupati kivuli cha kijivu, unapata kutu ya kahawia inatoka chini ya shaba kama chai imevuja.

Niliyoharibu mwenyewe nisiyafiche. Nyumbani shaba tunaisafisha kwa ndimu na chumvi, sinia la bibi liling'aa miaka arobaini kwa ndimu na majivu. Nikaziweka peni tano za miaka ya 90 kwenye bakuli la ndimu nizione vizuri. Za juu zilitakata zikawa za pinki kama ufizi, rangi ambayo hakuna sarafu halali inayo, na moja iliyokua na mkwaruzo ikaanza kutoa vipovu pembeni. Asidi ikishaipata zinki haiachi. Ndo maana peni za parkingi, zilizokanyagwa na magari zikakaa na chumvi ya barabarani msimu wa theluji, unazikuta zina mashimo meusi na unga mweupe, watu wanapiga picha wanauliza hili ni kosa gani la plancheti. Ni kuoza tu. Na kwa wenye watoto wadogo au mbwa, peni zote kuanzia 1982 ziweke juu, ikimezwa asidi ya tumbo inafanya kile kile ilichofanya ndimu yangu na zinki nyingi ni sumu.

Kuhusu muuzaji wa maikroskopu, nilimwandikia kuhusu hiyo mara 1000. Akajibu kwa upole kabisa kwamba mara 1000 inategemea ukubwa wa skrini ya mteja. Yani ninunue na projekta. Kurudisha naweza ila nauli ya posta juu yangu, nikaona nibaki nayo.

Kwa anayetaka kuanza: nunua mizani, nunua lenzi, sumaku unayo, kijiti cha meno unacho, taa ya meza unayo. Haifiki dola 25. Maikroskopu nunua ukishaanza kupata vitu vya kumpigia mtu picha, na ukiinunua zima zile taa. Yangu sasa hivi kaichukua binti, juzi kamkagua mbu mpaka magoti. Mizani nayo mke wangu kaigundua, anapimia zafarani, nikiitaka naiomba.

Ile peni ya chozi nimeihifadhi, ile ya 1994 iliyobonyezwa dukani. Niliiweka kwenye kikaratasi cha plastiki kama kumbukumbu. Jana nimeiangalia, pale kijiti kilipogusa shaba imepasuka ufa mdogo na pameshaanza kuota unga mweupe chini ya jicho.